Ndiyo Mbili Mbele ya Spika Mmoja

Kila msafiri ashikaye barabara kuu ya kwenda Zambia hana budi kupita Igawa, mahali ambapo mto Mbarali unateremka kutoka milimani na kuingia katika tambarare ya Usangu. Wakulima wa mpunga hupita hapa, na viongozi wa Serikali na wa Chama hupita hapa wakienda Mbeya au wakirudi Iringa. Sisi tulioko njiani tumewasikia viongozi wengi kwa miaka mingi, na mara nyingine neno tulilolisikia wakienda si neno tulilolisikia wakirudi. Kwa hiyo si ajabu kwamba swali la wanasiasa kugeuka misimamo, hasa katika jambo la haki za raia, linazungumzwa sana huku kwetu.

Leo tumekusudia kulitazama swali hilo kwa kuyapitia maisha ya mtu mmoja wa nyanda hizi, Marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyefariki dunia mwaka 1999, mwaka ule ule ambao Taifa lilimpoteza Mwalimu Julius Nyerere. Tumemchagua kwa sababu moja kubwa. Yeye ndiye aliyeketi katika kiti cha Spika Bunge liliposema ndiyo kwa mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, na ndiye aliyeketi katika kiti hicho Bunge liliposema ndiyo kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Ni viongozi wachache katika Afrika walioshuhudia mageuzi hayo mawili kutoka mahali pamoja.

Yafaa tuseme mapema kwamba hatumkumbuki kwa sababu ya udugu. Wazee wa Usangu hawakuwa na sababu ya kuupenda ukoo wake. Ni Wahehe waliowafukuza Wasangu katika nchi yao, na ndiyo maana watawala wetu wa ukoo wa Merere waliwaunga mkono Wajerumani dhidi ya Mtwa Mkwawa, babu yake Adam. Mkwawa alilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ikaangushwa mwaka 1894. Naye akajiua mwezi Julai 1898 kuliko kutiwa mikononi mwa adui. Kichwa chake kikachukuliwa hadi Ulaya. Chuoni tulifundishwa kwamba ushahidi wa haki hutolewa hata kwa faida ya mtu ambaye jadi yake ilipigana na jadi yako, na kwa insafu hiyo ndivyo tunavyoandika.

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920, Tanganyika ikiwa imekwisha pita mikononi mwa Waingereza. Waingereza waliporudisha utawala wa machifu katika miaka ya 1920, walimweka baba yake, Sapi, kuwa Mtwa wa Wahehe. Na Waingereza hao hao wakamwondoa mwaka 1940, wakamweka mwanawe. Kijana wa miaka 20 alijifunza somo ambalo wakubwa wengi hujifunza uzeeni, kwamba cheo kiletwacho na barua ya mtawala huweza kuondolewa na barua nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria, wakati Waafrika waliokuwamo humo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena kwa kuteuliwa na Gavana, si kwa kura ya mwananchi yeyote.

Mwezi Juni 1954 Gavana Edward Twining alikuja Kalenga na kumkabidhi Adam Sapi fuvu lililopatikana katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, likitajwa kuwa ndilo la babu yake. Kurejeshwa kwake kulikuwa kumeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na ahadi hiyo ilingoja miaka 35. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa kuwapenda Wahehe tu. Wakati huo walikuwa wakiwahitaji machifu wawe ngao mbele ya siasa mpya. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam.

Chifu alikuwa mtumishi wa Serikali ya kikoloni, na waraka wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi wa Serikali kujiunga na vyama vya siasa. Katika nchi nzima machifu waligawanyika. Wako waliowafungia wanachama wa TANU njia, na wako waliowafumbia macho. Chifu wa Wahehe hakujifanya boma la wakoloni. Wimbi la uhuru lilipofika Iringa alikwenda nalo, na viongozi wa TANU wakamwamini kiasi cha kumchagua, mwezi Novemba 1962, kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika, akipokea kiti kutoka kwa Ndugu Abdulkarim Karimjee. Wiki mbili baadaye nchi ikawa Jamhuri.

Mtihani wake wa kwanza haukukawia. Mwaka 1963 ilipitishwa sheria ya kufuta utawala wa machifu. Spika aliyeketi mbele ya Bunge alikuwa mwenyewe chifu, mjukuu wa Mkwawa, aliyekabidhiwa fuvu miaka tisa tu kabla. Sheria ikapita, na yeye akabaki kitini. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni nadra mwanasiasa kuafiki mgeuko unaompunguzia yeye mwenyewe urithi wake. Sheria ile iliwatoa wananchi katika uraia wa ukoo na kuwaingiza katika uraia wa Taifa, na chifu huyu hakuipigia kelele.

Hata hivyo haki ya raia ina mlango zaidi ya mmoja. Wakati Bunge lilipokuwa likifungua mlango huo, jingine lilikuwa limekwisha fungwa. Kabla ya Adam Sapi kuketi, mwaka 1962, ilikuwa imepita Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Tena katika Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 viongozi wetu walikataa kutia sura ya haki za binadamu. Hoja zao zilieleweka. Nchi ilikuwa changa, majaji walikuwa wageni, na ilihofiwa kwamba mahakama zingeitumia sura hiyo kulinda mali ya wachache na kuzuia maendeleo ya wengi. Lakini hao waliokataa ndio wale wale waliokuwa wametoka kupigania haki hizo hizo dhidi ya Gavana. Mwalimu mwenyewe, mwezi Oktoba 1961, alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa kubagua watu kwa rangi ya ngozi. Mwaka mmoja baadaye Serikali ya chama chake ilileta sheria ya kizuizini.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na mwisho wake ukawa ule ule. Katiba ya uhuru wa Zanzibar ya Desemba 1963 ilikuwa na sura ya haki, lakini ilidumu mwezi mmoja tu, kisha Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa pamoja na utawala ulioileta. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, wabunge kutoka Visiwani waliingia katika Bunge la Adam Sapi kwa kuteuliwa, na ilichukua miaka mingi kabla ya mwananchi wa Unguja na Pemba kupewa kura ya kumchagua mbunge wake. Bara hapakuwa na hati ya haki. Visiwani ilikuwapo ikafa. Na kote kuwili raia aliyekamatwa usiku hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Julai 1965 Bunge lilipitisha Katiba ya Muda. TANU kwa Bara na Afro-Shirazi kwa Visiwani vikawa vyama pekee vilivyoruhusiwa. Hatutaki kuufanya mfumo ule kuwa wa giza tupu. Wapiga kura wa Bara walipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na katika uchaguzi wa mwaka huo huo hata mawaziri waliangushwa. Lakini Bungeni nguvu ilikuwa imehama. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza chamani wabunge kadhaa, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti ambavyo walipewa na wananchi. Spika hana kura ya mjadala, na kwa desturi kiti chake hakisemi. Nasi hatumlaumu kwa kutoutoa mdomo wake mahali ambapo kanuni ilimfunga. Lakini wale waliokuwa na midomo na wakanyamaza, historia ina haki ya kuwauliza.

Wako waliokuja kuulizwa na maisha yenyewe. Oscar Kambona alikuwa katika Baraza la Mawaziri lililoleta sheria ya kizuizini. Mwaka 1967 alikosana na wenzake, akakimbilia Uingereza, na nduguze wawili wakawekwa kizuizini kwa miaka mingi kwa sheria ile ile. Kutoka huko ugenini akawa msemaji mkubwa wa haki za raia na wa vyama vingi, hadi aliporudi nyumbani mwaka 1992. Abdulrahman Babu wa Zanzibar alikuwa waziri katika Serikali iliyokuwa ikiwafungia watu bila mahakama. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume mwaka 1972 akafungiwa yeye mwenyewe hadi mwaka 1978, kisha akatumia maisha yake yaliyobaki kudai mageuzi. Hatuwasimangi marehemu hawa. Walichokisema baadaye kilikuwa kweli. Tunasema tu kwamba ukweli huo waliuona wakiwa upande wa ndani wa mlango uliofungwa, na kwamba walipokuwa na ufunguo walipita mbele ya mlango huo huo kila siku.

Hapa nyanda za juu tunao mfano wetu, nao ni mchungu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, pale Isimani, katika nchi ya Wahehe, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, katika ugomvi uliotokana na mashamba na siasa ya Ujamaa. Taifa lilishtuka. Lakini mwuaji yule alifikishwa mbele ya jaji, akapewa wakili, ushahidi ukasikilizwa, na hukumu ikatolewa hadharani kabla hajanyongwa. Kwa hiyo mtu aliyemuua mwakilishi wa Rais alipewa kile ambacho mtu aliyeshukiwa tu, akawekwa kizuizini, hakupewa. Ofisa yeyote anayesoma safu hii aupime mfano huo kwa utulivu.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Watuhumiwa walipoteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, mawaziri wawili, Ndugu Ali Hassan Mwinyi na Ndugu Peter Siyovelwa, walijiuzulu Januari 1977, ingawa mikono yao wenyewe haikugusa mtu. Walikubali kwamba dhima ya kiongozi inafika mahali ambapo macho yake hayafiki. Miaka minane baadaye mmoja wao akawa Rais wa nchi. Wanaodhani kwamba kukiri kosa humuua mwanasiasa wamtazame huyo.

Adam Sapi alikuwa ametoka kitini mwaka 1973, kiti kikashikwa na Chifu Erasto Mang'enya, kisha akarudi mwaka 1975 na kuendelea hadi 1994. Mwaka 1977 TANU na ASP viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na Katiba ya kudumu ikapatikana. Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ilitoa mapendekezo ya kurekebisha Katiba hiyo na kuwataka wananchi wayajadili. Katika mapendekezo hayo hapakuwa na hati ya haki za binadamu. Hati hiyo ililetwa na wananchi wenyewe, wanasheria na watu wa Visiwani wakiwa mstari wa mbele. Mjadala ulikuwa mkali hata hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar ikasemwa kuwa imechafuka, na Rais Aboud Jumbe akajiuzulu Januari 1984. Lakini mwaka huo huo Bunge, chini ya Spika yule yule, liliingiza haki za binadamu katika Katiba, na Zanzibar ikaziweka katika Katiba yake ya 1984. Jambo lililokataliwa kwa miaka 23 likakubaliwa.

Lilikubaliwa, lakini kwa tahadhari ya mtu anayetoa mkopo. Bunge liliamua kwamba mwananchi asiweze kuishtaki Serikali kwa kutumia haki hizo hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake. Muda ulipita. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozipitia sheria za nchi, ilizikuta sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kizuizini ya 1962 ikiwa miongoni mwake.

Tume hiyo ndiyo iliyotuletea ndiyo ya pili. Mwaka 1990 Mwalimu, aliyekuwa mjenzi mkuu wa mfumo wa chama kimoja, alianza kusema hadharani kwamba si dhambi kuujadili. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni mbele ya Tume, na asilimia 77.2 wakataka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo Tume ilipendekeza vyama vingi, Mkutano Mkuu wa CCM ukakubali Februari 1992, na Bunge likapitisha mabadiliko mwezi Mei. Tangu Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Wengi walishangaa kuona wachache wakisikilizwa kuliko wengi. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo palipokuwa na hekima, maana haki ya raia wa kundi dogo haipigiwi kura na kundi kubwa. Ingekuwa hivyo, isingekuwa haki bali hisani.

Sasa tuwapimeje wanasiasa wanaogeuka? Kugeuka peke yake si aibu. Lyndon Johnson wa Marekani, akiwa mbunge wa Texas, alizipinga sheria za kuwapa weusi haki zao kwa karibu miaka 20, na ni yeye, akiwa Rais, aliyetia sahihi Sheria ya Haki za Raia tarehe 2 Julai 1964, akijua kwamba chama chake kingepoteza majimbo ya kusini. Wapo wengine wengi waliogeuka kwa sababu tu mkondo wa maji umegeuka. Maisha ya Adam Sapi na ya wenzake yanatupa mizani yenye vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni kama aliyegeuka ameeleza kwa nini. Mwalimu alieleza mwaka 1965 na akaeleza tena mwaka 1990. Unaweza kukataa hoja zake, lakini huwezi kusema alinyemelea. Cha pili ni kama mgeuko unampunguzia madaraka au unamwongezea. Chifu aliyekubali uchifu ufutwe, na chama kilichokubali kushindanishwa, vilipunguza. Cha tatu, nacho ndicho kigumu, ni kama mgeuko umeacha sheria itakayomlinda hata mpinzani wake. Hapo Bunge letu lilifaulu nusu. Liliandika haki mwaka 1984, likaruhusu vyama mwaka 1992, lakini likaziacha sheria za zamani zikilala kando ya haki mpya katika kitanda kimoja.

Tena baada ya Adam Sapi kustaafu Aprili 1994 mambo hayakukoma kugeuka. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ilimruhusu raia asiye na chama kugombea uongozi. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaibadili Katiba kuufunga mlango huo. Mwaka 1997 Bunge hilo la vyama vingi likapitisha Sheria ya Tawala za Mikoa, inayowapa Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48. Sheria hiyo ina masharti yake, kwamba pawe na hatari ya kweli kwa amani, sababu ziandikwe, na mtu afikishwe mahakamani ama aachiliwe. Anayetumia uwezo huo kumfungia mkulima aliyemjibu vibaya mkutanoni, au mtumishi aliyechelewa kikao, hana tofauti na Bwana Shauri wa zamani, ila rangi.

Kwa hiyo neno letu ni kwa maofisa wa Serikali na kwa sisi wenyewe tulio katika Chama. Kabla hujaamuru mtu awekwe ndani, uliza kama sababu yako inaandikika. Kabla hujanyosha mkono kuunga mkono sheria, uliza kama ungependa itumiwe na yule atakayekaa katika kiti chako siku utakapokuwa umetoka. Na kwa ndugu zetu wa Visiwani, ambao wameyaona mageuzi haya kwa uchungu kuliko sisi wa Bara, tunasema kwamba mlipodai hati ya haki mwaka 1983 hamkudai kwa ajili ya Unguja na Pemba peke yake. Mkulima wa Igawa anayesimamishwa leo mbele ya hakimu badala ya kupotelea kizuizini anawiwa nanyi shukrani.

Marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa alitumikia kiti cha Spika kwa karibu miaka 30 na akakiacha akiwa hana tena uchifu. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.